André le Géant: mugongo njo ulimushinda, hapana Hogan

Katika Bagira, sawa fasi zingine za Bukavu, mabishano ya kachi hayakawii kufika Amerika. Mumoja anaanza na kachi ya Kinshasa, na Edingwe na mambo ya fetishi. Mwingine anamukatiza na majina ya wale walioonekana kwanza katika kaseti za video: Hulk Hogan, Undertaker, Ric Flair. Kisha mukubwa mumoja anamutaja André le Géant, na hapo maulizo yanakuja yote mara moja. Alikuwa kweli na metre 2,24? Alikaa kweli miaka 15 bila kuangushwa? Siku Hogan alimuinua na kumutupa chini, ilikuwa nguvu ao walipatana? Na kuna wenye kuapa kwamba ile kuanguka njo ilimuua.

Mengi ya haya maulizo yanajibika, lakini si kwa kuangalia ringi peke yake. Inaomba kumufuata mwenyewe tangu nyumbani kwao.

Jina lake la kweli ni André René Roussimoff. Alizaliwa tarehe 19 mwezi wa tano 1946 katika muji wa Coulommiers, mashariki ya Paris, na alikomalia Molien, kijiji kidogo karibu na Ussy-sur-Marne. Wazazi wake walikuwa wageni Ufaransa: baba, Boris, alitoka Bulgaria, na mama alitoka Polandi. Walikuwa watu wa shamba. André alikuwa wa tatu kati ya watoto watano, na nyumbani walimuita Dédé. Ndugu zake walikuwa na urefu wa watu wote. Yeye peke yake aliendelea kurefuka, na kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa amekwisha kupita kila mutu wa pale.

Katika ile sehemu ya Ussy mwandishi Samuel Beckett, yule wa Ireland aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1969, alikuwa na nyumba ndogo, na alijuana na Boris. Wengi wanasimulia kwamba Beckett alikuwa akimupeleka André kwenye masomo kwa gari yake juu mutoto alikuwa mukubwa sana kwa basi ya wanafunzi. Familia yenyewe inaeleza kwa namna ndogo zaidi: Beckett alikuwa na gari, watoto wa kijiji walikuwa wakitembea kwa miguu, basi alikuwa akiwabeba wakati mwingine. Ndiyo hivyo na hadisi nyingi za André. Ndani kuna kitu cha kweli, kisha watu wanaongeza juu yake kilo na metre.

Aliacha masomo angali kijana, akatumika shambani, na kisha akaenda Paris kutafuta maisha. Muchana alikuwa akibeba mizigo ya watu wanaohama nyumba: makabati, vitanda, mafriji. Usiku alijifunza kachi. Watu wa kachi ya Ufaransa walimupa jina Géant Ferré, kwa kukumbusha Grand Ferré, mutu wa nguvu katika hadisi za zamani za Wafaransa. Mwaka 1970 alienda Japani, na pale walimuita Monster Roussimoff. Mwaka 1971 akafika Montréal, Kanada, akitumia jina Jean Ferré, na muji ukamupenda mara moja. Wapinzani wa urefu wake ndio walianza kukosekana.

Hapa inafaa kusimama kidogo juu ya mwili wake, kwa sababu maisha yake yote yanazunguka hapo. André hakurefuka juu ya kula vizuri, wala juu ya damu ya kabila fulani. Alikuwa na ugonjwa. Chini ya ubongo wa kila mutu kuna tezi ndogo, sawa mbegu ya maharagi, ambayo inatoa ile homoni ya kukomaza mwili. Ikiota uvimbe, inaitoa bila kipimo. Ikianza wakati mutu angali mutoto, mifupa inaendelea kurefuka. Ikiendelea kwa mutu mukubwa, mifupa haiwezi tena kurefuka, basi inanenepa: mikono, miguu, taya, paji la uso. Moyo pia unapanuka, na viungo vinaharibika. Wanganga wanaita ile akromegali. Mutu mukubwa ambaye pete inaanza kumubana na viatu vinaanza kuwa vidogo, na kichwa kinamuuma kila mara, afazali aende kuona munganga, kwa sababu leo inatibiwa. Ugonjwa wa André ulijulikana angali katika kazi, na hakutafuta matibabu ya kuusimamisha. Ule mwili ulikuwa ukimuumiza, na ule mwili njo ulikuwa ukimulisha.

Mwaka 1973 aliingia kwa Vince McMahon mukubwa, baba ya yule McMahon anayejulikana na vijana wa leo. Tarehe 26 mwezi wa tatu alionekana kwa mara ya kwanza Madison Square Garden, New York, na tangu hapo akaitwa André le Géant. Yule muzee McMahon alielewa kitu ambacho watu wa Montréal hawakukielewa kwa wakati: jitu linaloonekana kila juma linageuka jirani. Watu wanalizoea. Basi akamutembeza. Wiki hii Texas, wiki ijayo Florida, kisha Japani, kisha Australia, kisha anarudi. Wakati ule kila sehemu ya Amerika ilikuwa na wakubwa wake wa kachi, na wote walikuwa wakimuomba kwa siku chache, juu akifika, viti vinajaa. Kitabu cha Guinness cha mwaka 1974 kilimuandika kama muchezaji wa kachi aliyelipwa kupita wote, dolari 400 000 kwa mwaka mumoja.

Feza ilikuwa, lakini dunia haikutengenezwa kwa kipimo chake. Kiti cha ndege kilimubana, choo cha ndege hakuweza kuingia hata kidogo, na safari ya Japani inapita saa kumi. Kitanda cha hoteli, kijiko, kiti cha restora, vyote vilikuwa sawa vya watoto. Kwa simu ya zamani, ile ya kuzungusha, kidole chake hakikuingia ndani ya tundu; alitumia kalamu. Na barabarani watu walikuwa wakimuangalia sawa nyama ya porini, wakicheka, wakimugusa. Wenzake wa kazi walishuhudia kwamba hiyo ilimuumiza kuliko makofi ya ringi.

Juu ya pombe, Bagira inajua bia, kwani fabriki ya Bralima ilikuwa kwao, na ulizo hili halikosi: alikunywa chupa ngapi? Waliosafiri naye wanataja zaidi ya chupa mia moja kwa usiku mumoja. Ile hesabu inatoka kwa watu wa kachi, na kazi ya watu wa kachi ni kuongeza. Kwamba alikunywa sana, wote wanapatana. Kwamba miaka ya mwisho alikunywa pia kwa kutuliza maumivu, wale waliokuwa karibu naye wanalijua.

Kuna usiku mumoja wa mwaka 1976 ambao unagusa Wakongomani moja kwa moja. Muhammad Ali, yule aliyemushinda George Foreman Kinshasa tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, alikubali kwenda Tokyo kupigana na Antonio Inoki, muchezaji wa kachi wa Japani. Ngumi na kachi ndani ya ringi moja. Amerika, siku ileile, waliandaa mapambano mengine ya namna hiyo katika stade ya Shea, New York: André na Chuck Wepner, mupiga ngumi ambaye mwaka mumoja mbele alikuwa amesimama na Ali paka raundi ya mwisho. Mapambano ya Tokyo yalichosha watu. Inoki alilala chini na kupiga mateke kwa raundi 15, Ali alirusha ngumi chache sana, na ikaisha sare. New York hawakuchoka. André alimubeba Wepner akamutupa inje ya kamba, na Wepner hakurudi kwa wakati. Waliokuja kwa ajili ya Ali wakarudi nyumbani wakisimulia habari ya jitu.

Sasa lile ulizo kubwa. Kachi ya wale wanaolipwa, mwisho wake unapatanwa mbele ya kuingia. Nani anashinda, na kwa namna gani, wote wawili wanajua. Hiyo si siri tena. Lakini kupatana hakuondoi uzito. Ringi ni mbao na chuma chini ya kitambaa chembamba, na mwili unaoanguka pale unaanguka kweli. Na kuna kitu kingine: mutu wa kilo zaidi ya 200 hainuliwi kama mwenyewe hakubali. Anayeinuliwa anasaidia, anaruka kidogo, anajishikiza. Kwa hiyo wote walioonekana wakimuinua André, André njo aliwaruhusu. Alichagua. Aliyekuwa na heshima, alimupa. Aliyekuwa na kiburi, alimuegemea katika kona ya ringi paka akakosa pumuzi, na hapo hakukuwa tena muchezo.

Njo maana ile hadisi ya miaka 15 bila kushindwa haisimami. Hogan mwenyewe, wakati angali akicheza upande wa wabaya, alimuinua katika stade ya Shea mwezi wa nane 1980. Mwaka 1984, Mexico, El Canek alimuinua, akamuangusha na kumushinda. Mwezi wa sita 1986, Japani, Inoki alimukamata mukono paka André akakubali kushindwa. Televizio ya Amerika haikuonyesha yale, basi kwa watu wa Amerika ilikuwa sawa hayakutendeka. Na zile metre 2,24 na kilo 236 ni hesabu za kuuzisha tikiti. Wanaofuatilia mambo yake wanaona urefu wake wa kweli ulikuwa kati ya metre 2,08 na 2,13, na mwishoni mugongo ukijikunja alipungua tena. Kwa uzito, kuna miaka alikuwa chini ya zile kilo, na miaka ya mwisho pengine alizipita.

Katika ileile miaka, mwaka 1984, André alipigana mara nyingi na mutu mumoja aliyeitwa Kamala, Jitu la Uganda. Kamala aliingia na uso uliopakwa rangi, mukuki mukononi, bila viatu, na watangazaji walieleza kwamba alikuwa zamani mulinzi wa Idi Amin na kwamba anakula watu. Kumbe alikuwa James Harris, wa Mississippi, aliyekuwa akiendesha kamioni. Uganda haikuwa kwao. Wenye kuketi Bagira, ambao Uganda kwao ni fasi ya kwenda kununua bidhaa na kusomesha watoto, wanaweza kucheka, na wanaweza pia kukasirika. Wote wawili, Harris na André, waliuzishwa kwa njia moja: mumoja kama mutu wa porini, mwingine kama jitu la hadisi. Tofauti ni kwamba Harris, akifika katika chumba cha kubadilia nguo, alinawa ile rangi.

Mwili ulianza kukataa mwaka 1981. Asubuhi moja André aliamuka kitandani, na kifundo cha muguu kikavunjika chini ya uzito wake. Alipasuliwa Boston. Wakubwa wa kachi hawakuacha bahati ipite: walisema ni Killer Khan aliyemuvunja kwa kumurukia, na André aliporudi, mapambano ya kulipiza kisasi yakauza tikiti kwa miezi mingi. Tarehe 31 mwezi wa tatu 1985, katika WrestleMania ya kwanza kabisa, alimuinua Big John Studd na kushinda. Picha ni nzuri, mutu wa karibu miaka 39 angali anacheka. Lakini ukiangalia vizuri namna anatembea, anatafuta kamba za kushikia.

Mwaka 1986 mugongo ukapasuliwa. Mwaka uleule alikuwa Uingereza akicheza katika filme The Princess Bride, kama Fezzik, jitu lenye roho nzuri na linalopenda maneno ya vina. Kuna fasi Fezzik anapaswa kumupokea binti anayeruka kutoka dirishani. Yule binti alikuwa mwepesi, lakini André hakuweza kumubeba. Ilibidi kumuning'iniza binti kwa kamba za chuma zisizoonekana, ili ionekane sawa mikono ya André inamushika. Wote waliotengeneza ile filme walimupenda. Naye aliipenda kuliko kazi yake yote, akatembea na kaseti yake na kuwaonyesha wenzake wa kachi tena na tena. Kwa mara moja watu walimuangalia bila kuogopa.

Hapo njo Vince McMahon mutoto alimuendea na pendekezo. Hogan alikuwa amegeuka mupenzi wa Amerika yote, na alikosa mupinzani wa kutosha. Walitaka André ageuke mubaya, amusaliti rafiki yake. André alikubali. Katika televizio alimupasua Hogan shati na kumukata mukufu wake wa musalaba, na watoto wa Amerika walilia. Tarehe 29 mwezi wa tatu 1987, katika stade ya Pontiac, jimbo la Michigan, wakaingia. Kampuni ilitangaza watu 93 173. Wanaochunguza hesabu za kachi wanasema ilikuwa karibu 78 000, na hata hivyo ilikuwa bahari ya watu.

André alivaa chini ya nguo yake nyeusi mukaba wa kufunga mugongo. Hakuweza kukimbia. Hakuweza kuinama vizuri. Hogan, mbele ya kuingia, hakuwa na hakika kama André atakubali kuinuliwa, juu maamuzi ya mwisho yalikuwa ya André, na hakuna mutu angeweza kumulazimisha. Mapambano, kwa ukweli, ni ya polepole. Mupenzi wa leo aliyezoea kuruka na kubingirika atasema ni mabaya. Ni kosa kuyaangalia hivyo. Inafaa kuangalia miguu ya André, namna kila hatua imepimwa. Baada ya dakika karibu 12 akajiachilia, Hogan akamuinua, akamutupa, akamurukia na muguu, na mwamuzi akahesabu tatu. Kila kilo ya ule mwili iliangukia mugongo uliopasuliwa mwaka mumoja tu mbele. Yeye alijua itakuwa hivyo tangu alipokubali.

Kwa hiyo, kwa wale wa Bagira wanaoapa kwamba Hogan alimuua: hapana. André aliishi karibu miaka sita baadaye, na aliendelea kucheza. Tarehe 5 mwezi wa pili 1988 alimushinda Hogan kwa hila ya mwamuzi wa uongo, mbele ya watu milioni 33 katika televizio, akapata mukaba wa ubingwa na palepale akamuuzisha kwa tajiri Ted DiBiase. Wakubwa walikataa ile biashara na mukaba ukabaki bila mwenyewe. Mwisho wa 1989 alishinda mukaba wa wawili-wawili pamoja na Haku, na wakaupoteza Toronto tarehe 1 mwezi wa ine 1990. Katika ile miaka Haku alifanya karibu kazi yote, na André alisimama pembeni akishika kamba. Ni Haku wa kushukuru, na watu wanamusahau. Mwaka 1991 alionekana katika SummerSlam akitembea na magongo.

Mapambano yake ya mwisho yalikuwa Japani, mwezi wa kumi na mbili 1992. Pale watu walimuheshimu, na alicheza na wazee wenzake, hasa Giant Baba, katika mapambano ya kuchekesha ambayo hayakuomba mugongo.

Mwanzo wa 1993 baba yake, muzee Boris, alikufa. André alirudi Ufaransa kwa mazishi, akaendelea kukaa kidogo karibu na mama na ndugu zake. Aliona tena Molien. Usiku wa kuamukia tarehe 28 mwezi wa kwanza 1993, katika chumba cha hoteli Paris, moyo wake ulisimama akiwa usingizini. Alikuwa na miaka 46. Aliacha binti mumoja, ambaye alimuona mara chache tu katika maisha yake, juu ya safari zisizoisha.

Mwaka uleule kampuni ya McMahon ilianzisha chumba cha heshima kwa wachezaji wa zamani, na mwaka ule hakuingizwa mwingine isipokuwa André. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameacha maagizo mengine. Aliomba mwili wake uchomwe na majivu yamwagwe katika ranchi yake ya Ellerbe, North Carolina. Pale alikuwa akifuga ng'ombe za pembe ndefu, akivaa saluti ya shamba sawa baba yake, na majirani walikwisha kumuzoea paka wakaacha kumuangalia. Majivu yalimwagwa pale.